Mvua Haikuua Mtu Bondeni Harless

Twila Muncy alianza kila kitabu kutoka nyuma. Hakuwa na haraka ya kujua mwisho, alitafuta faharasa. Ukimpa kitabu alikigeuza, akalamba kidole, akapitisha ukucha kwenye orodha mpaka penye makaa ya mawe. Yakiwa hayamo, alikifunga na kukirudisha mezani kwa kishindo. Yakiwemo, alihesabu mistari. Alifanya hivyo kila masika tulipouziana vitabu vya watoto katika ukumbi wa kanisa, alifanya hivyo maktaba, na mwaka mmoja nilimwona akikifanyia hivyo kitabu cha mapishi nilichompa siku yake ya kuzaliwa.

"Twila, hicho ni cha keki," nilimwambia.

"Na tanuri zao ziliwaka kwa nini? Kwa maombi?"

Mimi niliolewa West Virginia. Yeye alizaliwa huku, katika bonde la Harless, nyumba ya tatu kutoka darajani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Kwa miaka kumi na miwili alipika katika shule ya msingi ya bondeni, akajua kila mtoto asiyepata kifungua kinywa kwao, akamwekea mkate bila kuuliza. Kisha wilaya ikaifunga shule kwa sababu watoto walikuwa wachache, wote wakatakiwa kupanda basi la kuvuka mlima, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Wengi nje ya huku hudhani akina mama kama sisi tunawasomesha watoto nyumbani kwa ajili ya dini tu. Mtu akimwambia hivyo, Twila alimkata kauli: "Mimi sikuwatoa wanangu shuleni. Shule ndiyo iliyotolewa kwa wanangu."

Watoto walikuwa wanne. Silas alikuwa na miaka kumi na mitano, Corrie kumi na mmoja, Judson minane, na Nettie mitano. Hesabu na kusoma kila mmoja alikuwa na kitabu chake, hapo hapakuwa na shida. Historia ndiyo iliyomtoa jasho. Mwaka wa kwanza alimnunulia kila mtoto kitabu cha umri wake, na asubuhi moja nilimkuta na walowezi wa kwanza jikoni, vita vya wenyewe kwa wenyewe sebuleni, reli za magharibi kwenye ngazi, na Nettie chini ya meza akilia kwamba yeye hajapewa karne yoyote.

"Maren," aliniambia, "nchi ni moja. Kwa nini mimi ninafundisha nne?"

Tulikuwa familia nane katika kikundi chetu. Tulikutana kila Jumanne katika chumba cha chini cha kanisa. Mimi niliyesoma kemia chuoni niliwafundisha wakubwa maabara. Mwingine alifundisha kuimba, mwingine kuchora. Historia tulisoma wote pamoja, kitabu kimoja kwa sauti, watoto wote wamekaa duara, kisha kila mtoto alisimulia alichosikia kwa maneno yake. Alianza mdogo kuliko wote, akafuata anayemzidi, mpaka mkubwa wa mwisho. Utaratibu huo ulikuwepo kabla yangu. Sababu yake ilikuwa kwamba mdogo akianza hawezi kuiba maneno ya wakubwa, na wakubwa wanalisikia jambo likiwa limebaki mifupa tu.

Kila baada ya miaka minne tulichagua mtaala mpya. Mwaka ule kamati ilikuwa ya watu watatu: Twila, mimi, na Dada Marlene Pruitt, kiongozi wa kikundi. Dada Marlene alikuwa na miaka hamsini, nywele zimetengenezwa vizuri hata siku ya theluji, na mwandiko ambao ungeweza kuuweka kwenye fremu. Watoto wake wakubwa wawili walikuwa wameshaingia chuo kikuu, jambo ambalo katika kikundi kama chetu lina uzito kuliko cheo cha mchungaji. Alibaki na wawili nyumbani.

Tulijaribu masanduku matatu ya mtaala, jikoni kwa Twila, kwa watoto wa Twila, kwani yeye peke yake ndiye aliyekuwa na umri wa kila aina. Sanduku la kwanza lilikuwa la maswali. Silas alisoma ukurasa mmoja akaweka kitabu chini.

"Mama, hiki kinauliza farasi wa jenerali alikuwa wa rangi gani."

"Alikuwa wa rangi gani?" akauliza Judson.

"Kahawia."

"Basi si kinajua? Kinatuuliza nini?"

Sanduku la pili lilikuwa na nyimbo na vitu vya kukata kwa mkasi. Nettie alilipenda mpaka akataka kulala nalo. Lakini lilidai eti linafaa umri wote, na kwa kijana wa miaka kumi na mitano lilikuwa na kofia ya karatasi ya kugundisha. Silas aliivaa, akasimama mlangoni, akasema, "Mtu akiniona hivi, nahama jimbo." Twila alicheka mpaka akakaa. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu baadaye sikukisikia tena.

La tatu ndilo tulilochagua, na nataka ieleweke kwamba Twila ndiye aliyelipigania. Lilikuwa na kitabu kimoja cha kusomewa watoto wote, kisha kazi tofauti: mdogo anachora, anayemfuata ananakili sentensi, wa kati anaandika aya, mkubwa anasoma barua na ushahidi wa watu wa wakati ule na kuandika hoja yake. Twila aligeuza nyuma. Makaa ya mawe yalikuwa na mistari kumi na tisa.

"Huyu anajua," alisema. "Huyu mtu anajua nchi hii iliwashwa na mikono ya nani."

Na jambo jingine lilimfurahisha zaidi. Wiki sita za mwisho zilikuwa tupu. Mtunzi aliandika kwamba hawezi kuijua historia ya kila bonde, kwa hiyo kila kikundi kiandike kurasa zake za nyumbani.

"Harless niachieni mimi," Twila alisema.

Dada Marlene alimshika mkono. "Mpenzi, una watoto wanne, na mama yako pia wa kumtunza. Mimi nimebaki na wawili. Nitaziandika wakati wa kiangazi."

"Si kazi kubwa."

"Ndiyo maana nitaifanya mimi. Wewe pumzika."

Twila alinitazama. Mimi nilikuwa nakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Dada Marlene ana mwandiko mzuri," nilisema. Nilitaka tumalize, nirudi nyumbani. Kila mtu mezani alijua kwamba Twila aliishia shule ya sekondari na kwamba barua zake zilikuwa na makosa. Hakuna aliyelisema, na mimi nililisema kwa njia yangu.

Sasa lazima niseme kilichotokea Harless, kwa kuwa huku hakuna anayekieleza. Watu hushusha sauti tu. Juu ya bonde kampuni ya mgodi ilikuwa imerundika mabaki ya makaa kwa miaka mingi na kuzuia nyuma yake ziwa la maji meusi ya kuoshea makaa. Bwawa lile halikujengwa, lilirundikwa. Machi mwaka wa sabini na nne, Jumamosi, saa mbili asubuhi, rundo lile lilipasuka. Mama yake Twila, Oma, alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa amepanda kwa jirani mlimani kuomba unga. Aliporudi na bakuli lake hapakuwa na nyumba, wala mahali ilipokuwa nyumba. Alikufa mama yake, Icie; kaka mdogo Denver, miaka kumi na miwili; na Lonnie, miaka mitano. Walikufa watu thelathini na mmoja. Kampuni ilisema ni amri ya Mungu, ikaandika hivyo kwenye karatasi, ikawapa waliobaki watie sahihi.

Mwaka wa mtaala ule ulikwenda vizuri kuliko mwaka wowote. Watoto waliwabeba watu wa zamani mpaka kwenye michezo yao. Kisha ikafika Aprili na kurasa za nyumbani.

Jumanne hiyo Bibi Oma alikuja kutusaidia chakula cha mchana. Alikuwa jikoni, nyuma ya lile dirisha pana la kupitishia sahani, na sufuria la maharage na mikate ya mahindi miwili. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwembamba, mwenye kusema kidogo. Watoto wote wa kikundi walimwita Bibi. Dada Marlene aligawa karatasi, zimepigwa chapa, na picha ya bonde lenye maua pembeni. Akasoma kwa ile sauti yake nzuri ya kusomea Maandiko. Machi 1974, mvua kubwa isiyo na kifani ilinyesha Harless. Maji yalipanda ghafla, na watu thelathini na mmoja wakaitwa nyumbani kwa Bwana. Kampuni ya mgodi iliwahi kuwasaidia manusura kwa mablanketi na chakula cha moto. Ukurasa ukaendelea na ujenzi wa daraja jipya.

Nilimtazama Twila. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha watoto, magoti juu, na uso wake ulikuwa umesimama kama saa iliyokwisha ufunguo. Nadhani hakuamini alichosikia. Na kabla hajaamini, utaratibu wetu ukaendelea wenyewe.

"Nettie," Dada Marlene alisema, "wewe ndiye mdogo. Tusimulie."

Nettie alisimama, akashika pindo la gauni. "Ilinyesha mvua," alisema. "Ikanyesha sana. Mungu akawaita watu thelathini na mmoja, wakaenda kwa maji. Halafu kampuni ikawapa blanketi, kwa sababu walikuwa wamelowa."

Mtoto mmoja alicheka. Kule jikoni mwiko ulianguka.

Bibi Oma alitoka taratibu, akiwa bado na aproni. Alisimama katikati ya duara la watoto, na kwa muda alionekana kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

"Mimi sikupewa blanketi," alisema. "Nilipewa karatasi."

"Bibi," Nettie aliuliza, "nimekosea?"

"Hapana, mwanangu. Umesimulia sawasawa na ulivyosomewa."

Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kiti kilichokuwa kitupu, akapanda ngazi kwenda kwenye gari. Waswahili wa pwani wana neno wanalosema, mwenye kovu usidhani kapoa. Nililijifunza kutoka kwa mwanafunzi mwenzangu chuoni, msichana wa Tanga, na sikuwahi kulielewa mpaka niliposikia viatu vya Bibi Oma kwenye zile ngazi za saruji.

Twila alimfuata Dada Marlene jikoni. Nami niliingia nyuma yao nikafunga lile dirisha, ingawa mbao zake hazikuzuia sauti yoyote.

"Umeitoa wapi takataka hii?"

"Twila, watoto wanasikia."

"Na wasikie! Wameshasikia ya kwako. Nimekuuliza, umeitoa wapi?"

"Maktaba. Kuna kijitabu."

"Kijitabu cha nani?"

Dada Marlene alianza kupanga sahani.

"Nitakwambia mimi. Kile chenye jalada la kijani. Cha kampuni, walichochapisha wakijisherehekea miaka hamsini. Nilikifungua nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikatazama faharasa, mama yangu hamo, bibi yangu hamo, ila kuna mistari minne ya blanketi! Tumekataa kuwapa watoto vitabu vya serikali, tukakaa mwaka mzima tunachagua, tunanusa kila sanduku kama mbwa, halafu wewe unakwenda kuwalisha kijitabu cha waliotuua?"

"Hakuna aliyekuua."

"Sema tena."

"Nasema tuwe na kiasi." Dada Marlene aliweka sahani chini. "Nettie ana miaka mitano. Kila jambo na umri wake. Unataka nimsomee mtoto wa miaka mitano habari za maiti kwenye miti?"

"Lonnie alikuwa na miaka mitano. Umri wake ulitosha kufa, haukutosha kusomwa?"

Hapo nilidhani yamekwisha. Lakini Dada Marlene aligeukia sinki, akafungua maji, akayafunga.

"Baba mkwe wangu alikuwa nyapara wa mgodi kule juu," alisema. "Unajua. Bonde zima linajua. Alipanda Alhamisi akachoma lile rundo kwa fimbo, fimbo ikazama. Alikufa akiwa analitaja. Wanangu wanamwita babu, Twila. Picha yake iko sebuleni. Niwaambie nini?"

"Waambie fimbo ilizama."

"Wewe ni mkatili."

"Mimi? Mama yangu yuko ndani ya gari amekaa kama mzigo, na mkatili ni mimi?"

Jumanne iliyofuata akina mama wanane tulikutana peke yetu. Utaratibu wetu ni wa mikono: kila mama mkono mmoja. Twila alikuwa ameandika ukurasa wake. Uliandikwa kwa kalamu ya risasi, mistari kumi na mbili. Ulisema bwawa, ukasema kampuni, ukawataja wafu wote kwa majina na miaka yao. Aliomba neno moja tu, kwamba ukurasa ule usomwe mahali pa ule mwingine, watoto wote wakiwepo, na Nettie aanze. Alisema wazi kwamba usiposomwa yeye anaondoka na wanawe wanne. Hakutisha, alieleza kama mtu anayetaja saa ya basi.

Baadhi ya wenzangu walikuwa na waume mgodini. Mmoja alisema mambo ya zamani yaachwe yalale. "Yamelala wapi?" Twila alimuuliza. "Nionyeshe kitanda." Mwingine alisema, kwa upole mbaya kuliko matusi, kwamba ukurasa una makosa ya tahajia.

Na hapo mimi, mwanamke wa chuo, nikasimama kuwapatanisha. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikitafuta sentensi ya katikati, na nilijivunia kuipata. Nilipendekeza tubaki na ukurasa wa Dada Marlene, tuongeze chini yake: Wengine husema bwawa la mgodi lilikuwa na kasoro. Na wenye miaka kumi na minne kwenda juu wasome zaidi kwa wakati wao.

Twila alinigeukia polepole.

"Wengine?" alisema. "Wengine kina nani, Maren?"

"Ni namna ya kuandika tu."

"Taja majina. Wengine ni Mama? Wengine ni mimi? Mbona upande wa mvua hukuandika 'wengine'? Mvua inajulikana, ila bwawa linasemwasemwa?"

"Najaribu kukusaidia usiondoke."

"Hapana, mwalimu. Unajaribu nibaki bila wewe kugombana na mtu."

Tulipiga kura juu ya sentensi yangu. Mikono mitano ilipanda, na wa kwanza ulikuwa wangu, maana mtoa hoja ndiye huanza. Dada Marlene hakuinua wake. Nimelifikiria sana jambo hilo na bado sijui maana yake. Twila alikusanya vitu vyake, kikombe cha Judson, sweta la Corrie lililosahaulika tangu Februari, rangi za Nettie. Akapanda zile ngazi za saruji.

Silas alikuwa amebakiza nusu ya maabara ya kemia. Aliyapenda masomo yale. Alikuwa na mkono mtulivu, mmoja kati ya wawili niliowahi kuwafundisha ambao hawakumwaga kitu. Nilimwandikia Twila kwamba nitamfundisha nyumbani kwangu, bure, siku yoyote. Barua haikujibiwa.

Nilikwenda mwenyewe mwezi Juni, baada ya kusikia kwamba wanahama. Garnett, mume wa Twila, alipata kazi kiwandani Ohio, mwendo wa saa tano kwa gari, na Bibi Oma pia alikuwa anakwenda. Mwanamke yule hakuwahi kulala nje ya bonde isipokuwa hospitali. Ukimhesabu yeye, waliokuwa wamebaki Harless kati ya waliokuwepo asubuhi ile walikuwa watatu, na mmoja hakuwa tena na fahamu. Nilipokuwa naendesha gari kando ya kijito niliwaza kwamba kuanzia Julai bonde litakuwa na ukurasa mmoja tu, na una sentensi yangu chini yake.

Twila alikuwa barazani akifunga masanduku kwa mkanda. Nilimpa cheti cha kemia cha Silas. Nilikuwa nimemwandikia alama za mwaka mzima.

Alikisoma, akanirudishia. "Hakumaliza."

"Angemaliza."

"Nusu ya maabara, andika nusu. Usimpe mwanangu kitu ambacho hakikutokea."

Niliandika nusu, nikiwa nimeinama juu ya sanduku la sufuria, kwa aibu na kwa hasira pia. Nilimkasirikia. Nilitaka anione nimekuja.

Kisha akaniingiza ndani, bila kunikaribisha kiti, akanionyesha mezani kazi waliyoifanya tangu Aprili. Walikuwa wameendelea na zile wiki sita wenyewe, watoto wanne na Bibi Oma. Nettie alikuwa amechora mlima mweusi na nyumba chini yake, na mwanamke mdogo pembeni ameshika bakuli. Judson alikuwa amenakili majina thelathini na moja, kwa herufi kubwa, akiwa amefuta na kurudia mpaka karatasi ikatoboka. Corrie aliandika aya aliyoambiwa na bibi yake, namna unga ulivyokuwa wa moto kifuani kwa sababu aliukumbatia mchana kutwa. Silas aliiandikia hifadhi ya nyaraka ya jimbo, wakamtumia ripoti ya uchunguzi. Ndani yake mlikuwa na nakala ya barua ya nyapara Pruitt kwa ofisi ya kampuni, ya siku ile ile ya fimbo: rundo limelainika, naomba amri ya kuwahamisha watu. Ofisi ilimjibu akae kimya asiwatie watu hofu. Akakaa kimya.

"Kumbe aliwaambia," nilisema.

"Aliiambia kampuni. Watu hakuwaambia. Yote mawili yamo." Aligonga karatasi kwa kidole. "Mimi sijaandika amri ya Mungu, wala sijaandika shetani. Nimeandika fimbo, barua, na majina."

Alikuwa ameyaunganisha yote kuwa karatasi mbili, Corrie akasahihisha tahajia. Alizikunja akaniwekea mkononi. Alitaka zisomwe Jumanne, katika chumba kile, kwa watoto wote, aanze mdogo. Yeye hataweza, atakuwa Ohio, na wengine wote hana imani nao. Hakusema ananiamini mimi. Alisema mimi ndiye niliye na deni.

Nilizisoma Jumanne ya pili ya Septemba. Akina mama wawili waliwainua watoto wao katikati ya usomaji wakaondoka, na mmoja hajanisalimu mpaka leo. Dada Marlene alibaki ameketi mpaka jina la mwisho, mikono mapajani, na barua ya mkwewe ilipofika aliziba mdomo. Wakubwa waliposimulia, kijana wake wa mwisho alipofika kwenye fimbo alinyamaza, tukamngoja, akamaliza. Lakini Twila hakuwepo kuyasikia. Nilimwandikia, na barua ile nayo haikujibiwa.

Lakini siku ile ya Juni, tuliporudi barazani, bado nilikuwa mwanamke wa sentensi za katikati. Niliziangalia zile karatasi nikamwambia kwamba Jumanne zimebaki chache kabla ya likizo, kwamba huenda Septemba watu watakuwa wametulia, kwamba nitajaribu. Bibi Oma alikuwa tayari ndani ya gari, uso mbele. Twila alishuka ngazi, akarudi mpaka pale niliposimama, akanyoosha mkono wazi mbele yangu.

"Usijaribu," alisema. "Zisome, au nirudishie sasa hivi."